Ulimi wa Ange

Benchi la Saady, muuza kahawa nyuma ya soko la Kasulu, halijawahi kushindwa na jambo. Limeshatibu pumu, limeshapatanisha wake wenza, na miaka minne iliyopita lilimpa Nduwayezu, Mrundi aliyepewa uraia, ushauri akaubeba mzima mzima mpaka kwake. Leo amerudi na shida. Binti yake Ange ana miaka minane na bado anaongea vipande vipande. Jana mwalimu kasema wazi: kesho asubuhi baba aje na maelezo, la sivyo mtoto anarudishwa awali, akakae na wa miaka mitano.

— Kwani anasemaje? — aliuliza Leonidasi, tarishi mstaafu wa mahakama, ndiyo maana wanamwita Wakili.

— Juzi kaja analia. "Baba, Ange piga, wao cheka." Mpaka leo sijui kapiga au kapigwa.

— Ulimi umeshikwa kwa chini huo. Wembe mpya, dakika moja. Samaki mkunje angali mbichi!

— Wembe kwa mwanangu?

— Achana naye, — alidakia Japhet kinyozi, jina la kijiweni Redio. — Mkeo alikula mayai akiwa na mimba. Umeshasikia yai linaongea?

— Na kuku je? — Saady akamchokoza. — Si anapiga kelele mtaa mzima?

— Hilo la kuku ni faili lingine!

Longinus, aliyewahi kupakia malori ya Nyabibuye, kwenye mpaka wa Burundi, na kwa hiyo anaitwa Mpakani, akaweka kikombe chini.

— Nyie wote hamna kitu. Uraia mlipewa, Nduwayezu, lakini ulimi wa ukoo haukuandikwa kwenye fomu. Umebaki ng'ambo, unasubiri kibali.

— Ange kazaliwa hapa hapa Kasulu!

— Ego, ndiyo, na huo ndio ubaya wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nduwayezu hakucheka. Roho ilimuuma, alitaka neno moja tu la kumpelekea mwalimu, na hapa anapewa mayai na malori.

Zuhra, nesi aliyehamishiwa karibuni kutoka Tanga, alikuwa anasubiri chupa yake ijazwe.

— Samahani, kaka zangu. Baba Ange, nyumbani mnaongea lugha gani?

— Kiswahili tupu, dada. Kirundi nilikipiga marufuku Ange akiwa na miaka minne, asije akachekwa shuleni.

— Na kabla ya hapo, kwa Kirundi alikuwa anaongeaje? Kama alikuwa ananyoosha maneno, basi Kiswahili tu ndicho kinamsumbua. Kama vilikuwa vipande vile vile, mtoto ana tatizo la kuongea, si mzembe, na mwalimu lazima ajue.

Wakili akainamia viatu vyake, maana ndiye aliyemshauri miaka minne iliyopita aache Kirundi: "Mkataa kwao mtumwa, na kwenu sasa ni hapa." Saady akainamisha birika, yakatoka machicha.

Nduwayezu akatafuta kichwani sentensi moja, hata moja, ya Ange wa miaka mitatu. Hakuna. Ange alipokuwa anajifunza kuongea, jioni zote yeye alikuwa kwenye benchi hili, anasikiliza watu wazima.

Anayejua ni mama yake mzazi, Pelagia, bibi aliyemlea Ange mkewe akishinda shambani. Kirundi ndiyo lugha yake pekee. Nduwayezu akaondoka mbio bila kuaga.

Aliwakuta uani, bibi na mjukuu, wanapukuchua maharage bila neno, kama walivyokaa miaka minne tangu Kirundi kipigwe marufuku. Akachuchumaa, akamwuliza mama yake kwa Kirundi:

— Mama, huyu alipokuwa mdogo, alikuwa anaongeaje?

Bibi kizee akashtuka. Akatazama mlangoni, akamtazama mwanawe usoni kama anayetegwa, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akakiondoa na kujibu kwa Kiswahili cha vipande vipande, kama cha Ange, alichokiokota humo humo ndani.

— Bibi nyamaza. Baba Ange kataza.

Ange akaitikia kwa kichwa, akachukua ganda jingine.