Kukaa na Asiyepona

Mbukwenyi, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Nanyi mliotoka Kondoa, na mliokuja na kazi ya reli mkabaki hapa kwetu, habari za asubuhi. Ni kwa ajili yenu nasema Kiswahili badala ya lugha ya kwetu, kwa hiyo nikikwama mahali nivumilieni, na wajukuu zangu wasicheke.

Mwalimu wa kanisa amenipa kiti. Namshukuru, ila nikikaa kidogo tumbo linauma, nikisimama kidogo miguu inatetemeka. Mtaniona nikiinuka na kushuka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Msiwazuie watoto kunitazama. Na wale waliokaa pale karibu na mlango, waliotumwa waje kuhakikisha kama mimi bado ni mzima, wanione vizuri, kisha wakawape jibu waliowatuma.

Sitataja jina la mtu. Dodoma ni ndogo, na tangu gari la moshi lifike masikio yameongezeka.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Mimi ni mganga wa mizizi, kama baba yangu na baba yake. Kazi yenyewe ilikuwa miguuni. Asubuhi niko Makole, jioni niko Kikuyu, kesho niko njia ya Hombolo na vumbi langu. Nikimkuta mgonjwa namgusa, namuuliza, nachimba, nachemsha, naondoka. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na mgongo, maana ndio anaouona kila siku. Nilikuwa nacheka. Nilidhani ananisifu.

Sasa, katika ukoo wetu kuna mwiko mmoja. Mkoba wa mganga hauoni kifo. Ukimgusa mgonjwa ukajua kwamba huyu hana kupona, unamwambia, "Utapona." Unamwachia dawa chungu kidogo, unachukua mkoba wako, na nyumba ile huingii tena hata wakutumie nani. Tuliambiwa kwamba mkoba ukilala nyumba moja na mauti, dawa zilizomo nazo zinakufa. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alifundishwa hivyo. Nilipobatizwa nilitupa kibuyu cha ramli, nikatupa na hirizi zote, mwalimu ni shahidi. Mwiko huu sikuutupa. Hakuna aliyeniuliza habari zake, na kusema kweli ulinifaa.

Basi, msimu uliopita uwele ulipokwisha kuvunwa, chakula kikaanza kunikataa. Nikimeza matonge mawili nimeshiba kama mtu aliyetoka harusini. Mke wangu akawa analitazama bakuli langu kuliko anavyonitazama mimi. Nikamwambia ni joto. Akanyamaza, na mkimjua mke wangu mnajua kunyamaza kwake ni kubaya.

Siku moja nilikuwa naoga nyuma ya tembe. Napitisha mkono tumboni, vidole vikasimama. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa na kitu kigumu kisichosogea. Nikabonyeza tena. Vidole hivi vimeshika matumbo ya watu tangu ndevu hazijaniota, na uvimbe wa namna ile nimeushika kwa wengi. Sikuwahi kusikia hata mmoja wao amepona. Nikajimwagia maji yaliyobaki, nikavaa nguo.

Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Nilikasirika. Siku ile nilijenga upya ua wa ng'ombe ambao haukuwa na kasoro. Kesho yake nikagombana na jirani juu ya mbuzi wake, na mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa, nilikuwa nausikia ule uvimbe umekaa pamoja nami, kama mgeni asiyesema ameletwa na nini.

Nikaenda bomani kwa daktari wa Wadachi. Tulipangwa mstari juani. Zamu yangu ilipofika akanibonyeza palepale nilipojibonyeza mwenyewe, nikajua kwamba huyu kazi anaijua. Akasema maneno, mkalimani akatazama chini. Kisha akaniambia, "Bwana daktari anasema kisu chake hakifiki huko." Nikapewa kichupa cha dawa ya maumivu. Alisema kweli, nami namheshimu kwa hilo, lakini wakati natafsiriwa maneno yake, yeye alikuwa ameshamwita aliye nyuma yangu.

Nikamwita mwenzangu wa kazi, mtu tuliyechimba naye mizizi tangu ujana. Alikuja mbio, Mungu ambariki. Akaweka mkoba chini, akanilaza, akanibonyeza. Akasema, "Utapona, kaka." Akachukua mkoba wake. Nilimtazama akivuka uwanja kwa zile hatua ndefu za mtu asiyetaka kuitwa nyuma, nikazitambua, maana mimi mwenyewe nimezitembea katika viwanja vingi. Mke wangu akauliza atarudi lini. Nikamwambia hatarudi.

Hebu nisimame kidogo. Hivi. Ahsante.

Baada ya hapo nyumba ikaniwia ndogo. Nikasema nakwenda Hombolo kuchimba mzizi fulani unaoota kwenye mabonde ya kule. Mke wangu akasema sina nguvu, nikamwambia miguu haina uvimbe. Uongo mtupu, ndugu zangu. Mzizi ule ni wa kuhara, na mimi nilikuwa siendi kuchimba kitu. Nilikuwa nayakimbia mauti kwa miguu, huku nimeyabeba tumboni.

Nilifika karibu, lakini sikufika. Jua lilinipiga, nikaanguka penye tembe moja kando ya njia. Mama mmoja akatoka, akanikokota kivulini, akaninywesha maji kidogo kidogo. Nilipofumbua macho nikaujua mlango ule. Miaka ya nyuma niliingia mle kumtazama mumewe. Nilimgusa, nikamwambia atapona, nikachukua mkoba. Na mama naye alikuwa ameshanitambua, nikaona.

Hakunifukuza. Akanipikia uji wa uwele, akakaa mbali kidogo, anachambua mlenda. Nikaona ni vibaya kunywa uji wa mtu bila kusema, nikamuuliza mumewe alikwendaje. Akasema alikwenda polepole, kiangazi chote. Kila mbwa alipobweka aliinua kichwa akauliza kama ni mganga. Mama akawa anamjibu kwamba ndiyo, yuko njiani. Alimjibu hivyo mpaka siku ya mwisho.

Nikamwambia, "Mama, hata ningekuja, dawa ya ugonjwa ule sikuwa nayo."

Hakuinua macho kwenye mlenda wake. "Tulijua huna," akasema. "Yeye mwenyewe alijua. Alitaka ukae."

Nilirudishwa nyumbani na ndugu zake yule mama, nimebebwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Njia nzima natazama mbingu, na neno lile linanitafuna kuliko uvimbe. Ningekaa, sawa. Ningefanya nini? Sikujua. Mganga mzima, mtoto wa mganga, mjukuu wa mganga, sikujua mtu asiyepona anataka nini asubuhi, anataka nini jioni, ashikwe wapi, aambiwe nini. Baba yangu hakunifundisha kwa sababu hakujua. Uganga wetu wote ulikuwa unaishia mlangoni. Nao wazee wetu walipougua wao wenyewe wakajua, lakini hawakuwa na herufi, wakaondoka na ujuzi huo. Mimi herufi ninazo. Nilizipata uzeeni katika darasa la ubatizo, nikiwa nyuma ya watoto wote, na mwalimu atawaambia jinsi nilivyomchosha.

Nikamwendea kumwomba karatasi. Yeye akadhani nataka kuandika wosia, akaanza kunipa maneno ya faraja na kuniuliza habari za ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe wana wenyewe, nipe karatasi. Akanipa, na kalamu ya risasi aliyoikata nusu, nusu akabaki nayo.

Ndugu zangu, kuandika ni kukaa. Hilo hakuna aliyeniambia kabla. Siku ya kwanza niliandika mstari mmoja, nikainuka mara sijui ngapi, nikaenda kutazama ng'ombe, nikarudi, nikakuta bado ni mstari mmoja. Ulisema hivi: "Mgonjwa asilazimishwe kula. Awekewe bakuli karibu, kisha watu watazame kwingine." Nikausoma. Ulikuwa kweli. Nilijua ni kweli kwa sababu bakuli lilikuwa pale, na mke wangu alikuwa ananitazama.

Nikaendelea. Niliandika kwamba asubuhi ni mbaya kuliko jioni, basi mgeni mwenye maneno mengi aje jioni. Niliandika kwamba maumivu yakija, pole nyingi zinachosha, afadhali kumshika mgonjwa kisigino kwa nguvu. Niliandika kwamba watu wasijadili mifugo yake mbele yake kama vile ameshazikwa, wamuulize yeye, hata akijibu upumbavu. Hapo wanangu wanainamisha vichwa. Inueni tu, yamekwisha.

Jambo likabadilika, sijui nilisemeje. Zamani maumivu yakija nilikuwa natafuta mlango. Sasa yakija nayaambia, ngoja, kaa hapo nikutazame, unaanzia wapi, unakwenda wapi. Nimekuwa mganga tena, na mgonjwa ninaye saa zote. Furaha niliyoipata hapo naona haya kuitaja mbele ya watu wanaoniombea. Mke wangu alisema sasa ameanza kuniona uso, na kwamba si mbaya sana.

Lakini mahali pamoja nilipaacha wazi. Niliandika: "Akiuliza kama atapona, mwambie," nikakomea hapo. Nilijaribu siku nyingi. Kila nililoandika nililifuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Ndipo watu wa Makole wakaja. Mama yao alikuwa mgonjwa, na mganga alikuwa ameshasema neno lake na kuondoka. Wakaniomba, nikawaambia sina dawa. Wakasema wanajua. Nikapandishwa punda. Mkoba nikauacha nyumbani, mara ya kwanza katika maisha yangu kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, na njia nzima sikujua niiweke wapi.

Nikakaa. Nikamsomea karatasi zangu, maana sikuwa na kitu kingine. Akasikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye kisigino akasema, "Hilo ni lako wewe. Mimi nishike mkono." Nikamshika mkono, na kwa mkono wa pili nikaandika kwamba kila mtu aulizwe mahali pake. Kisha akafumbua macho akaniuliza, "Mganga, nitapona?"

Ndugu zangu, lile neno lilikuwa ulimini limeshavaa viatu. Miaka yote hii limekuwa likitoka lenyewe. Nililishika kwa meno.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Na mimi sitapona. Lakini leo sina safari."

Akasema, "Basi kaa."

Nilikaa siku ile, nikarudishwa kwake siku nyingine, mpaka tukamzika. Sikumwachia dawa yoyote. Na pale palipokuwa wazi kwenye karatasi nimepajaza kwa maneno yale niliyomwambia, kando ya tundu.

Najua kuna wanaonung'unika. Wanasema mganga huyu amelala nyumba moja na mauti, mizizi yake imekufa. Mtoto wa jirani yangu alikuwa na homa juzi, akanywa mzizi niliomchemshia baada ya mazishi yale. Yuko pale, anamvuta dada yake nywele wakati tunahubiri. Mwiteni mumguse mwone kama ni wa moto.

Sasa nimalize, maana kiti nacho kimenichoka. Namshukuru mwalimu kwa karatasi na kwa nusu ya kalamu. Namshukuru yule mama wa njia ya Hombolo, ambaye hayupo hapa na hapendi kusifiwa. Angeweza kuniacha juani na hakuna ambaye angemlaumu. Mke wangu nitamshukuru nyumbani, hapa nitalia. Na Mungu namshukuru, ingawa bado nina maneno naye, naye anajua.

Somo langu ni dogo. Ukimwendea mtu asiyepona, usiogope kwamba huna cha kumpa. Nenda bila kitu, ukae, umuulize ashikwe wapi. Wewe mganga mwenzangu, uliyeko hapa na nisiyekutaja, karatasi zangu ni zako. Njoo uzisome. Sina kinyongo, nami nilifundishwa kama ulivyofundishwa.

Na ninalo ombi moja. Kazi ile ya karatasi haijakwisha, na sehemu ya mwisho siwezi kuiandika mimi. Siku zile ambazo ulimi utakuwa umekufa na mkono umelala, mtu bado anataka kitu, nina hakika, ila sijui ni nini. Nimewauliza wote, hakuna ajuaye. Kwa hiyo namtaka mtu mmoja mwenye herufi aje akae nami siku hizo, atazame, aandike alichokiona. Hata mstari mmoja. Naona mkono kule nyuma. Ushushe kwanza, mwanangu, ukaongee na mkeo, si kazi ya mchana mmoja.

Karatasi zimebaki chache, mke wangu anajua zilipo. Atakayekuja asingoje kuitikiwa hodi, maana sitaweza kuitikia. Aingie tu, akae.