Katoni za Matanga

Zima hiyo TV, Ndegwa. Na wewe Mumbi, toka hapo mlangoni uje ukae kitandani, upande huu mwingine, hakuna mtu atakuuma. Seline, usiende. Haya na wewe yanakuhusu.

Sikilizeni kabla sauti haijakwisha. Daktari aliongea na nyinyi huko nje akidhani sisikii, lakini nilisikia, na sikushtuka. Tangu tumzike ndugu yenu Geoffrey hakuna kitu kimenishtua. Watu walisema nina imani kubwa kwa sababu sikulia. Haikuwa imani. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, na mpaka leo ganzi hiyo haijatoka yote.

Nyumba za kupangisha zinazoangalia barabara ni za Ndegwa. Zile za ndani ni za Mumbi, na usikunje uso, Ndegwa, huyu ni mtoto wangu kama wewe, awe ameolewa au hajaolewa. Lakini kile kipande cha nyuma, pale kwenye bustani, sikigawi.

Mnakumbuka kilivyokuwa. Thangari tupu, nyasi ile ya mizizi isiyoisha. Siku ya mazishi mligombana hapo hapo, Mumbi ukimwambia ndugu yako angempeleka Geoffrey hospitali mapema, naye akikuuliza wewe ulikuwa wapi, mkaachana bila kuagana, na hamjaongea tena. Kesho yake Ndegwa akachukua jembe akakilima kile kipande kwa hasira mpaka akaishiwa nguvu, nami nikamwangalia tu dirishani. Mvua iliponyesha, kila mzizi alioukata ukatoa nyasi yake, ikawa nyingi kuliko mwanzo.

Ni Seline aliyenitoa ndani. Alikuja kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo kunifulia nguo, akaona katoni za matanga zimerundikwa kando ya choo, za mkate, za mafuta ya kupikia, akasema, “Mama Geoffrey, hizi usichome.” Wengine walikuwa wanaogopa kuniita hivyo. Akafyeka nyasi akaiacha pale pale. Tukabandua selotepu, tukatandaza katoni, moja ikilalia nyingine ili nyasi isipate pa kuchungulia, tukamwaga maji mpaka zikalegea. Juu tukaweka samadi, majani makavu, maganda ya viazi, halafu udongo. Yeye akaongeza vichwa vya omena, na paka wote wa Kawangware wakahamia kwangu. Nilifanya kwa sababu aliniambia nifanye. Sikuwa na hamu ya kitu.

Siku moja nikaingiza kidole nipande mboga ya managu. Katoni ilikuwa imeoza, na chini yake hakukuwa na thangari, ulikuwa udongo mweusi, laini, wenye minyoo. Nikapiga magoti hapo nikamlilia Geoffrey, mara ya kwanza. Halafu ganzi ikarudi, lakini nilikuwa nimelia.

Ndegwa, najua umeshaongea na fundi wa mabati. Usijenge pale. Mumbi, usiuze. Seline aendelee kulima na kuchuma, na nyinyi mje mle mboga hizo pamoja naye.

Bado kuna nyasi upande wa ukuta. Mnizike Lang'ata, karibu na Geoffrey, si mbali na hapa. Waombolezaji watakuja hapa nyumbani, watakula mkate, watakunywa chai. Katoni zao msichome, na hiyo kazi msimwachie Seline. Pigeni magoti wenyewe, Ndegwa huku, Mumbi huku, kila mmoja alaze yake juu ya ya mwenzake. Jembe lisiguse hapo. Sisemi mpatane siku hiyo. Tandazeni tu.

Leteni mikono niwatemee baraka... Mate yamekauka. Seline, maji kidogo. Hapo. Mungu awape... awape usingizi mzuri, watoto wenu wawe wengi, wawajue majirani. Leta na wako, Seline. Wewe pia ni wangu.

Maji msisahau. Mmwage mengi... katoni kavu haiozi. Mumbi... ashike ndoo...

Huu mkono uliolowa ni wa nani? Ni wako, Ndegwa? Lia tu, mwanangu. Mimi... nimejaribu, imekataa.