Mkono Nilioinua Kanisani

Sogeeni karibu, abana bane, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Omwenga, mwanangu, acha kusimama hapo kama mtu aliyekuja kuchukua jembe lake, keti. Persis, mjukuu wangu, kaa upande huu wa kushoto ambao bado una uhai, kwa kuwa ule wa kulia ulikufa tangu mwezi wa tatu na hausikii hata ukiuchoma na sindano. Leo ni Ijumaa. Nataka niseme yote kabla jua halijazama na Sabato haijaingia, kwa sababu nimeingia Sabato nyingi mno na uongo huu kifuani, na hii sitaki kuingia nao.

Mali yangu si ya kuwachosha. Majani chai ya chini ya barabara ni yako, Omwenga, umeyapalilia tangu marehemu baba yenu, Machogu, atutoke. Migomba na nyumba hii ni ya Persis, na yeyote atakayesema msichana hapewi nyumba mwambieni Bochaberi alisema hivyo akiwa na akili zake zote. Mbuzi mwekundu mpeni Orpah jirani, huyo aliyeketi mlangoni, amenibeba mpaka chooni miezi mitano bila kukunja uso. Na piano ile, Omwenga, ondoa magunia ya mahindi juu yake leo hii. Nilikusikia ukimwambia fundi kwamba mbao zake zingetoa kabati zuri. Usiiguse. Ile ni ya Persis, na hayo ndiyo nimewaitia.

Persis, mwaka jana ulifungua sanduku ukanisomea barua za baba yako, zote saba, ambazo zilikuja nami sikutaka zifunguliwe. Katika ile ya mwisho aliniuliza jambo, nawe ukaniuliza jibu lake, nami nikakwambia mambo ya zamani nimeyasahau. Nilikudanganya, mama yangu. Sijasahau hata kidogo.

Baba yako Manasseh alikuwa mtoto wa vinanda. Pale misheni ya Sironga alikuta kinanda cha kukanyaga, miguu yake haijafika chini, na kabla mwaka haujaisha ndiye aliyekuwa akipigia kanisa zima nyimbo. Nilifurahi, jamani! Nilisema huyu hatafuata njia ya Machogu. Maana mume wangu alikuwa mpiga obokano, ile zeze kubwa ya nyuzi nane inayonguruma kama fahali aliyekasirika, na kila palipokuwa na mtungi wa pombe aliitwa, na kila alipoitwa alirudi akiwa wa kubebwa, mpaka asubuhi moja wakamleta kutoka mtoni hapumui. Tangu siku hiyo nilichukia mngurumo ule kama mtu anavyochukia harufu ya nyumba iliyoungua.

Mwaka wa sitini na moja Manasseh akaenda Nairobi, akapata kazi ya kupiga piano hotelini, wazungu wakila. Huko akamkuta mzee mmoja aliyeitwa Feldman, fundi wa kurekebisha sauti za piano. Alikuwa Myahudi. Manasseh aliponiambia nilishangaa, nikamwuliza, "Wako hai? Mimi nilidhani waliishia kwenye Biblia!" Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba watu wa mzee yule waliuawa wote katika vita vya Hitla, mke, watoto, dada zake, akabaki yeye na nyimbo za baba yake kichwani, wala hakuwa na wa kumwachia. Kila Ijumaa jua likizama aliwasha mishumaa miwili, akamwekea Manasseh mkono kichwani na kumwombea, Mungu akufanye kama Efraimu na kama Manasseh. Ndivyo wababa wa kwao huwabariki wana wao. Akamwambia, "Kijana, kwetu jina lako nimelisikia kila wiki tangu nizaliwe." Mtoto wangu, asiyekuwa na baba, akapata baba.

Basi akazichukua nyimbo zile akaziingiza kwenye jazi, lakini si jazi ya kuchezea dansi. Aliniambia, "Mama, kwenye piano, kati ya sauti hii na ile ya pili yake wamefunga mlango. Mzee Feldman akiimba anapita hapo katikati. Baba naye akipiga obokano alikuwa anapita hapo hapo. Natafuta nami pa kupitia." Sikuelewa kitu. Aliniagiza nimpelekee maganda makavu ya mgomba, nami nikamfungia mzigo baada ya mzigo, nikidhani mwanangu anasuka mikeka. Kumbe aliyasokota na kuyapitisha katikati ya nyuzi za piano ili ingurume kama obokano! Hoteli ikamfukuza. Wengine walimwita kichaa, wengine wakajaa kwenye ukumbi kumsikiliza akipiga piano kwa kiwiko na kuimba bila maneno. Akatoa santuri moja, akaitwa Ulaya akapiga huko miezi mitatu. Nyumbani hatukujua anachofanya. Tulijua anatuma sukari na blanketi.

Mwaka wa sitini na tisa akarudi, siku ya Sabato, kanisa limejaa. Wazee wakamwomba apige kinanda kama zamani. Akakaa. Akachomeka kijiti cha kiberiti kando ya kitufe kimoja cha sauti nzito, kikabaki chini, kinanda kikaanza kunguruma bila kukoma, na juu ya ule mngurumo akapiga wimbo unaopanda na kuteleza kama mtu anayelia huku akitabasamu. Wanawake wakatazamana. Nyuma yangu mtu akasema, "Obokano hiyo! Machogu amefufuka!" Wengine wakacheka. Mimi, wanangu, sikusikia wimbo. Nilisikia mto. Nilimwona Machogu juu ya machela ya matawi, maji yakimtoka masikioni.

Jumapili yake wakaita kikao cha washiriki. Mzee Nyamongo akasoma shtaka, kwamba ameleta ngoma ya pombe ndani ya nyumba ya Mungu. Wakamwuliza, akasema kwa upole, "Ni wimbo wa Sabato. Ndio wanaoipokelea Sabato Ijumaa jioni, watu walioishika kabla yetu." Nyamongo akamwambia, "Tuimbie maneno yake basi." Akasema hauna maneno. Wakaguna. Ndipo Nyamongo akasema wanaokubali aondolewe ushirika wainue mikono, kisha akageuka akanitazama mimi, mjane, niliyekaa benchi la mbele.

Nikainua.

Mkono huu wa kulia. Hakuna aliyenishika. Niliogopa watasema nimelea mlevi wa pili, niliogopa kukaa peke yangu Sabato, na kweli kabisa niliamini namwokoa. Manasseh alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kinanda, kichwa ameinamisha. Alipokiinua mikono ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na yangu iko mapajani.

Sasa mnajua barua ile iliuliza nini. Umeisoma kwa sauti yako, Persis: "Mama, niliinama sikuona. Watu wananiambia maneno. Niambie tu kwamba hukuinua, nitarudi nyumbani hata kesho." Nami barua hiyo nilimpa Omwenga aitupe sandukuni, haijafunguliwa. Miaka minne alingoja. Mwaka wa sabini na tatu kifua kikamwua, akaletwa kwa lori moja na piano aliyoachiwa na Mzee Feldman, jeneza na piano zimefungwa kwa kamba moja. Watu wa kanisa walikuja, wakasimama kimya, kwa kuwa hakuwa mshiriki. Mtu aliyekuwa akiimba tangu miguu haijafika chini, tukamzika bila wimbo hata mmoja. Nilisikia udongo tu ukianguka.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Nyamongo msimchukie. Alizeeka, amekuja hapa mara mbili akakaa penye kiti hicho akilia. Akija mazishini mpeni chakula na mahali pazuri. Swali aliuliza yeye, mkono ulikuwa wangu.

Persis, wimbo ule ulioutoa kwenye santuri ya baba yako unaupiga kila ukitoka shule, unadhani nimelala. Silali. Nimeujua wote sasa. Siku yangu, Omwenga na vijana waitoe piano uani, wasiikwaruze, uipigie hapo katikati, pale kaburi langu litakapoweza kusikia na kaburi la baba yako pia. Uweke maganda ya mgomba. Ingurume. Atakayeguna, aende zake.

Inama, mama yangu. Najua watu wa Mzee Feldman mabinti huwaombea kwa majina mengine, lakini mimi silijui jina jingine. Nyasae akufanye... akufanye kama Efraimu... na kama Manasseh. Omwenga, nawe inama... Nyasae akulinde, uwe baba wa huyu mtoto.

Jua liko wapi? Bado kidogo. Basi tufanye kikao. Sisi ndio washiriki. Anayekubali Manasseh mwana wa Machogu arudishwe... ainue mkono. Omwenga, nakuona. Asante, baba. Orpah, hata wewe? Asante.

Wangu hauendi. Persis, nishikie huu wa kulia, si huo... huu. Uinue. Juu. Juu zaidi, mama, safari hii baba yako hajainama... aone.