Orpha Dillman na Chumba cha Katikati

Wasikilizaji wapendwa, Orpha Dillman hatunaye tena. Amefariki Jumapili. Wengi wenu mnaijua nyumba aliyoitunza: nyumba ya maskini ya kaunti yetu, walikohifadhiwa wasio na pa kukaa, ile ya matofali mekundu kule kwenye mashamba ya mahindi.

Walioijenga walikuwa watu wa heshima zao, lakini roho ngumu! Upande wa mashariki, wanaume. Upande wa magharibi, wanawake. Katikati, makao ya msimamizi, na mlango wa chuma kila upande. Mume na mke wakiletwa, walitenganishwa palepale ukumbini. Hata vikongwe. Eti ndio utaratibu.

Msimamizi alikuwa Virgil, mumewe Orpha. Majira ya baridi ya 1951 waliletwa Enos na Alta Hauck, wazee waliopoteza shamba. Walitenganishwa kama wengine. Alta hakulia. Aligoma kula. Alikaa mlangoni na sahani mapajani, chakula kikimpoea.

Orpha hakuvumilia. Binti yake, Lenore, ameniambia: "Mama alikokota kitanda hadi sebuleni kwetu, akawaita wote wawili. Baba akamwambia, 'Mke wangu, unataka tufukuzwe kazi? Sisi tutalala wapi?' Mama akasema, 'Basi leo wewe kalale kwa wanaume, mimi kwa wanawake. Uone utamu wake.'"

Virgil akanywea.

Madiwani walikuja masika, kwa ukaguzi wao wa kila mwaka. Ukaguzi gani! Kuku wa kukaanga na pai ya tufaha. Lakini mwaka huo diwani mmoja alichungulia sebuleni, akamkuta Alta anamfunga Enos vifungo vya shati.

"Bibi Dillman! Kanuni zinakataza!"

"Zinakataza mwanamke mashariki na mwanamume magharibi," Orpha akamjibu. "Hapa ni katikati, bwana. Keti, kuku anapoa."

Diwani akaketi. Hakuna aliyefukuzwa.

Wazee wale waliishi chumba cha katikati miaka sita, mpaka Enos alipofariki. Baada ya mazishi, Orpha alimkuta Alta anakunja blanketi lake.

"Unakwenda wapi, mama? Hapa ni kwako."

"Nahamia kwa wanawake. Kuna mtu na mkewe wameletwa juzi, hawana pa kulala pamoja. Wape kitanda hiki."

Lenore, wewe na jamaa zako wote, poleni sana. Nasi wengine, wapendwa, tujiulize leo: ni nani tumemtenga na mwenzake, tukasema ni utaratibu tu?