Mama Mwadi, Aliyebaki Kolwezi

Mama Mwadi Adolphine alizaliwa Lubudi tarehe 14 Machi 1951, binti wa mfanyakazi wa reli. Alisoma kwa masista hadi mwaka wa sita, kisha akajifunza kushona. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mdogo wake ni shahidi wa hilo.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Kabemba, mchimbaji wa mgodi wa Musonoi, akawa anashona sare za shule hapa Kolwezi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Huguette, mwaka 1980. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha mtoto kiziwi. Kabemba alifariki mwaka 1988.

Shule ilimkataa Huguette: asiyesikia atafundishwa vipi? Marehemu alirudi pale kila Jumatatu, amevaa kitenge cha kanisani. Alimwambia mkuu wa shule: "Sheria haisemi batoto benye masikio, tata. Inasema batoto." Walipomchoka, walifungua darasa la viziwi chini ya mwalimu Ngeleka. Marehemu naye alikaa nyuma kujifunza lugha ya mikono. Siku moja alitaka kusema asante, akasema mbuzi, na darasa zima likavunjika mbavu.

Mwaka 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mkoani kwetu. Ngeleka, naye wa Kasai, na mkewe Tshiela walilala kituoni wakingoja treni. Shule ikasema Huguette akae tu katika darasa la wanaosikia. "Kuikala haiko kusoma," marehemu alijibu, akampeleka kituoni asafiri na mwalimu wake. Jirani alimpigia kelele: "Banafukuza bantu, weye unatoa mutoto yako mwenyewe?" Treni ilipoondoka, marehemu aliweka kiganja kifuani, akaelekeza kidole chini. Maana yake: mimi niko hapa.

Mishahara ilikatika, majirani wakahama. Yeye alikataa, mtoto asije akakuta nyumba ina watu wengine. Upweke ulimtesa sana.

Huguette alirudi mwaka 2007, mwalimu wa viziwi. Walikumbatiana, kisha binti akaanza kusimulia kwa mikono, na mama hakuelewa kitu. Lugha ile ilikuwa imemtoka, maana hakuwa na wa kuzungumza naye. Alilia. Kesho yake alikwenda kukaa nyuma ya darasa la binti yake, akaanza upya. Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, naye alifariki tarehe 2 Juni 2009.

Ameacha binti yake Huguette, mdogo wake Kalumba anayesoma maneno haya, na wanafunzi viziwi waliosimama hapa kaburini. Huguette hasikii yanayosomwa. Kwa hiyo Kalumba ananyamaza sasa, binti amuage mama yake mwenyewe: kiganja kifuani, kidole chini.

Pumzika, Mama Mwadi. Mtoto yuko hapa.