Shangazi na Kibao cha Njia ya Mlimani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, msimamizi wa njia za bustani yetu ya umma anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini. Karani alitaka niandike jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, lakini nikifanya hivyo nusu ya wafanyakazi watauliza huyo ni nani. Wanaokuja kukimbia asubuhi wanamwita Mama Funga. Sisi wa jembe na toroli tunamwita Shangazi. Hayo mawili yanatosha.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mtu wa toroli, ambaye shule niliiacha njiani. Wenzangu walinichagua siku niliyokwenda kufuata kokoto, na niliporudi uchaguzi ulikuwa umekwisha. Basi mtanisamehe pale kalamu itakapokwama kwenye tope.

Shangazi alianza kazi getini, akiwa na ufagio. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba siku moja mvua kubwa ilinyesha, wafagiaji wote wakajibanza kwenye kibanda cha mlinzi, yeye akabaki nje. Alikuwa akiyafuata maji yaliyotoka getini na kuingia njia ya kijito, ameinama kama mtu aliyedondosha pete. Mnyapara wa wakati huo akamwuliza kama ana akili timamu. Akajibu kwamba shimo kila mtu ataliona kesho, lakini aliyelichimba anaonekana leo tu. Asubuhi yake alipewa jembe, na ufagio hakuushika tena.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya kazi. Kwingine mvua ikianza vibarua hukimbilia stoo. Kwetu mvua ikianza ndipo tunapotoka. Mgeni yeyote anayeajiriwa hapa huamini kwamba amepewa adhabu. Hata mimi niliamini hivyo, nikasimama kando ya kijito nimelowa mpaka kwenye soksi, nikijiuliza nimetoka mbali kote kule kuja kutazama maji. Shangazi alinionyesha kwa ncha ya jembe mahali ambapo mchirizi wa maji, mwembamba kama uzi, ulikuwa unaingia njiani. Alikwaruza udongo kidogo, uzi ule ukageuka, ukatoka. Akasema, "Umeona? Njia haiuawi na miguu, mwanangu. Inauawa na maji. Miguu huja mazishini tu."

Jina la Mama Funga lilitokana na vibao. Kila njia ina kibao mdomoni mwake, upande mmoja kimeandikwa IKO WAZI, upande wa pili IMEFUNGWA. Kwa desturi ya hapa, kibao kinageuzwa na mtu mmoja tu. Meneja hakigusi, mlinzi hakigusi, sisi ndiyo kabisa. Shangazi hufika alfajiri, hukanyaga udongo kwa kisigino, hutazama alama. Alama ikibaki kavu, njia inafunguliwa. Ikianza kung'aa maji, inafungwa kwa kamba, hata kama wakimbiaji wamejipanga pale wakiruka ruka kupasha misuli na kuangalia saa zao.

Walimsema sana. Palikuwa na mwanasheria mmoja aliyekuwa akiivuka kamba hiyo kila siku na kupita kwenye njia iliyofungwa, akisema bustani ni ya umma na yeye ni umma. Shangazi hakubishana naye. Mvua zilipokata, tope likakauka na nyayo za mwanasheria zikabaki pale, ngumu kama zimemwagwa zege. Tulitaka kuzisawazisha, Shangazi akatukataza. Haikuchukua muda mwanasheria alitegua kifundo cha mguu kwenye alama ya kiatu chake mwenyewe. Shangazi ndiye aliyemfunga kitambaa, akampandisha kwenye toroli langu, nikamsukuma mpaka getini. Njia nzima alitafuta mtu wa kumshtaki, na njia nzima Shangazi alikuwa akimtajia saizi ya kiatu. Leo mwanasheria huyo ndiye kiongozi wa watu wanaojitolea kuja na majembe kila Jumamosi, na akimwona mtu ameshika kamba ili aivuke, humpigia kelele kuliko sisi.

Mengine aliyoyafanya mnayatembelea kila siku bila kuyajua. Njia ya kijito zamani ilikuwa vita kati ya waendesha baiskeli na akina mama wenye vigari vya watoto. Ofisi iliweka vibao vya kila rangi, havikusaidia. Shangazi aliomba viondolewe, akaipinda njia kidogo kabla ya kila mahali pa kukutania, akaweka jiwe kubwa upande wa ndani wa kila kona. Baiskeli zikaanza kwenda polepole zenyewe. Alisema baiskeli haijui kusoma kibao, ila kona inaisoma vizuri. Kule msituni, ambako watu walikuwa wakikata kona na kuchimba mteremko kwa visigino, tulikuwa tumeziba kwa miiba. Watu wakazunguka miiba, tukapata njia tatu badala ya mbili. Yeye akapanda vichaka kwenye tumbo la kona, ili aliye juu asiione njia ya chini. Jicho lisipoona pa kukatia, mguu hauna hamu. Vichaka vile sasa vina ndege, na hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na ugomvi.

Nisije nikaandika kama vile tunamzika, niseme na ukweli. Shangazi ni mkali. Ukiegemea jembe, anakuja kuegemea la kwake karibu nawe, mnatazamana mpaka uone aibu. Anaimba kazini, na anaimba vibaya. Chai yake inaweza kupaka rangi mlango. Mume wake, fundi cherehani, alituambia kwamba kwenye harusi ya mjukuu wao mvua ilinyesha na bibi wa bwana harusi akapotea. Walimkuta nyuma ya ukumbi, amevua viatu, anafungulia maji njia kwa kijiko cha pilau. "Nilioa mke," fundi akasema, "nikaletewa na mtaro."

Jambo moja ni langu mwenyewe. Wengi wetu hapa tumetoka mbali, na habari za nyumbani hutufikia kwa simu. Mama yangu alipofariki nilikuwa sina namna ya kwenda. Nilidhani Shangazi atanipa kazi nyepesi, ya reki labda. Akanipeleka kwenye mtaro wa juu, penye mawe, akanipa sururu. Nilimchukia. Jioni, nimechoka hoi, nilipoweka kichwa chini nililala usingizi, mara ya kwanza tangu ile simu. Tulipomaliza mtaro aliniambia tu kwamba mwili ukichoka sana, moyo hupata pa kukaa. Kuanzia hapo namwita Shangazi kwa sababu yangu mwenyewe, si kwa kuwa wengine wanamwita hivyo.

Sasa nije kwenye mlima.

Katikati ya bustani kuna kilima, na juu yake kuna benchi. Kutoka pale unaziona njia zote kwa pamoja, namna zinavyopindana na kukwepana, kijito, msitu, uwanja wa watoto. Njia ya kupandia ilichimbwa kabla yake, imenyooka kama mtu aliyekasirika, na kila mvua inaigeuza korongo. Kila mwaka Shangazi aliiandika kwenye mipango, na kila mwaka pesa zilipopatikana alizipeleka kwingine: kwanza ya vigari vya watoto, kisha ya wazee, kisha ya shule. Alisema mlimani wanapanda wenye magoti mazuri, hao watasubiri. Wakati huo na yeye alikuwa mmoja wao.

Kisha magoti yakaisha. Mawe aliyobeba yote yalikuja kudai. Daktari alimkataza mlima na ngazi, na amekaa miaka kadhaa hajafika kwenye benchi. Njia ya msitu, na ile kona ya vichaka, hajaziona kutoka juu hata mara moja tangu zikamilike. Kila jioni mmoja wetu anaporudi kutoka huko, yeye huuliza akiwa anafunga stoo, bila kututazama, "Huko juu kukoje?" Nasi humweleza. Lakini mtu wa toroli ataelezaje kitu kama kile? Nilikuwa namwambia kuzuri. Ananijibu, "Haya," na kugeuza ufunguo.

Mwanzoni mwa mwaka huu, tulipojua anastaafu, tukakubaliana kumtengenezea njia ya mlimani kwa siri, saa za baada ya kazi. Fundi wa mawe ndiye aliyetoa mpango, na sote tukaupigia makofi. Tulichonga mawe, tukayapanga, tukayasimika kwa unyoofu ambao hata yeye angejivunia. Kwa wiki kadhaa tulirudi nyumbani migongo ikilia. Tulikuwa tumefika nusu ya kilima alipotukuta.

Alitujulia kwenye mabuti. Udongo mwekundu katika bustani hii uko mlimani tu, na sisi tulikuwa tumepangiwa kazi za kijitoni. Alikuja jioni akitembea taratibu na fimbo, akasimama chini ya kazi yetu, akaitazama kutoka chini mpaka juu. Tukasubiri machozi ya furaha. Badala yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe la kwanza.

Tulikuwa tumemjengea ngazi.

Mtu aliyekatazwa ngazi na daktari, sisi wanawe tumemchongea ngazi za mawe, nzuri, imara, za kudumu vizazi na vizazi. Fundi wa mawe alijishika kichwa. Mbaya zaidi, Shangazi alipotaka kuinuka pale alipokaa, magoti yalikataa, ikabidi tumnyanyue wawili. Hapo hakucheka tena. Alifuta vumbi kwenye sketi, akatushukuru kwa adabu kubwa, kama mtu anavyowashukuru wageni, akaondoka na fimbo yake. Jioni ile hakuuliza huko juu kukoje. Alifunga stoo, akaenda zake.

Asubuhi tulikuta pima maji yake juu ya toroli langu. Ni ile ya mbao, yenye kioo kilichopasuka pembeni, ambayo kwa miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kuiazima. Hakuacha neno lingine. Lakini pima maji ni ya kupimia mteremko, na sisi hatukuhitaji kuandikiwa.

Tukang'oa ngazi zote. Tukaanza upya chini kabisa, njia ndefu, ya kuzungukazunguka, inayopanda polepole kiasi kwamba ukiwa na mawazo yako hujui kama unapanda. Yale mawe yamekuwa kingo za kona. Kwenye kila kona tumeweka pa kukalia, pa juu kidogo, ili anayekaa aweze kuinuka mwenyewe. Watu wa Jumamosi walikuja na mwanasheria wao. Mume wake aliacha cherehani akaja kubeba maji ya kunywa na kutucheka. Shangazi mwenyewe hakukanyaga pale. Akipita alikuwa anatazama upande mwingine, kwa juhudi kubwa.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha. Hakuna aliyetuita, lakini tulitoka sote, na tulipofika chini ya kilima yeye alikuwa ameshasimama pale na koti lake la plastiki. Tukatazama. Maji yalishuka, yakafika kona ya juu, yakatoka. Yakafika inayofuata, yakatoka. Kwenye kona iliyo karibu na chini yakasita, yakakataa, yakaanza kufuata njia. Maji hufuata mkondo, na mkondo huo tulikuwa tumeuchimba sisi. Shangazi aliingia na jembe lake, akakwaruza mara chache. Yakageuka.

"Basi," akasema. "Ile ya ngazi ilikuwa yenu. Hii sasa ni njia."

Tulimwomba apande siku ileile, tukamwambia tutamshika mkono. Alikataa. Alisema maisha yake yote hapa amepita njiani akitafuta kasoro, na mlima huu hataki kuupanda kazini. Ataupanda siku ambayo hana jembe, kama mgeni yeyote aliyekuja kutembea.

Siku hiyo ni leo. Kwa niaba ya wafagiaji, walinzi, mafundi, vibarua, na umma wote, pamoja na yule mwanasheria, ninamshukuru kwa kila hatua kavu tuliyopiga wakati wa masika. Na sasa naomba niache kuandika habari zake, niseme naye mwenyewe.

Shangazi, tunakutakia maisha mema, paa lisilovuja, na mume mvumilivu wa mitaro. Magoti yako tunayaombea mapumziko, ila si leo. Ratiba inasema baada ya hotuba kutakuwa na chai ukumbini. Ratiba imekosea. Chupa za chai tumeshazipeleka juu, kwenye benchi, na ni chai yako ile ya kupaka milango. Tutapanda nyuma yako, kwa mwendo wako, na kila penye pa kukalia tutakaa. Mwenda pole hajikwai.

Kibao cha njia ya mlimani kiko pale chini, kimeandikwa IMEFUNGWA. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Njoo ukigeuze, halafu ukifika juu utuambie wewe, huko kukoje.