Neno "Mama" Halina Hatimiliki

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu ambao sikio langu bado linafanya kazi, na msinikatize. Daktari amesema alichosema, nami nimeelewa. Mali nitaigawa upesi, kwa sababu si mali inayoninyima usingizi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa. Kiwanja cha nyuma ni chako, Mkunga, maana ndiwe uliyekilima wakati sisi wengine tukikipita tu. Vyombo vyangu vya upimaji vipelekwe chuoni nilikofundisha, wanafunzi wavitumie vikiwa bado vinasoma sawasawa. Hilo limekwisha.

Aliyebaki ni mama yenu. Hapo ndipo ilipo hasira yangu, na asitokee mtu wa kuniambia kwamba mgonjwa hapaswi kukasirika. Nimekuwa mpole tangu tumzike, na upole wangu mmeutumia vibaya.

Wewe Mkubwa, Sauti ya Dhahabu kama wanavyokuita wasikilizaji wako wa redio, ulisimama kando ya kaburi la mke wangu, udongo ukiwa bado mbichi, ukashika kipaza sauti kama uko studio. Ukawaambia watu kwamba mama yako, kwa utafiti wa maisha yake yote, alithibitisha kuwa neno "mama" lilizaliwa katika lugha yetu, na kwamba mataifa mengine yote yaliliazima kwetu. Watu wakapiga makofi. Nimezika wazazi, nimezika ndugu na marafiki, lakini makofi makaburini nimeyasikia siku hiyo tu, na yaliletwa na mwanangu.

Ulijua kuwa si kweli. Ungekuwa mjinga ningekusamehe, maana mjinga akierevuka mambo huisha. Lakini wewe ulikulia jikoni humu ukimsikia. Miaka yote aliyofanya kazi katika taasisi ya lugha, mama yako alilifuata neno hilo moja, na alikuwa na kanuni yake: haliandiki mpaka alisikie kwa mzazi mwenye lugha yake, akiwa amempakata mtoto. "Kamusi hainyonyeshi," alikuwa akisema. Ndiyo maana alishinda kwenye mabenchi ya kliniki na katika hosteli za wanafunzi wa kigeni, kinasa sauti chake kimefungwa mpira kwa sababu kifuniko kilivunjika, akingoja mtoto wa mwenzake aamke. Jioni alinichezea kanda bila kunitajia lugha, akaniuliza, "Haya, mpima ardhi, hapo anaitwa nani?" Nami nikajibu, "Mama, mama watoto, kwani nani mwingine?" Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Siku hiyo aliyekuwa akiitwa "mama" alikuwa mwanamume mwenye ndevu, kwa kuwa Wajojia, wale wa milima ya Kaukazi, humwita hivyo baba, na mama humwita "deda". Siku nyingine alikuwa mjomba, kwa Kihindi. Siku nyingine hakuwa mtu kabisa, maana kwa Waturuki hicho ni chakula cha mtoto mchanga, na katika Kilatini cha kale lilikuwa titi. Halafu wakaja Wachina, wakaja Wakechua wa milimani kule Amerika Kusini, wa mbali na sisi na wa mbali wao kwa wao, na kwao mama ni mama vilevile. Nikawa nashindwa mchezo huo kila jioni, na kushindwa na yule mwanamke kulikuwa raha ambayo sitaieleza zaidi ya hapo.

Alichokipata mlikijua nyote. Hakuwa wa kwanza kukisema, na waliomtangulia aliwataja mmoja mmoja. Mtoto aliyeziba midomo kwa ziwa hana pa kupitishia sauti ila puani. Akiachia midomo, "ma" inatoka yenyewe, kabla hajajua kuwa kuna mtu anaitwa. Ni sisi wakubwa tuliomzunguka ndio tunaogombania maana: huyu anasema ananiita mimi, yule anasema anataka chakula. Kwa hiyo neno hilo huzaliwa upya kila penye mtoto, nalo halina hatimiliki. Neno hatimiliki alilitoa kwenye kazi yangu, na nilijisifu sana siku aliponiomba ruhusa ya kulitumia.

Sasa sikiliza, Mkubwa, usitazame simu. Mkurugenzi wake wa taasisi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamtaka aandike hayohayo uliyoyasema wewe. Alimwambia kitabu kitachapwa kwa heshima, nchi itafurahi, naye atapewa idara aiongoze. Mama yako akamjibu kwamba cha kuazima hakisitiri makalio, na sifa ya kuiba ndiyo kabisa. Kesho yake meza yake ilihamishiwa chumba cha nyuma, kilichopakana na vyoo, penye maboksi ya karatasi na dirisha moja lisilofunguka. Alifanya kazi humo mpaka alipostaafu. Wadogo zake kikazi walipanda, wakampita kwenye ngazi wakimwamkia kwa aibu. Mimi nilikuwa nampeleka asubuhi na kumchukua jioni, na nguo zake zilinuka dawa ya kusafishia vyoo, na hakuna siku hata moja aliyoniambia kuwa amejuta.

Mkurugenzi huyohuyo, sasa mzee mwenye fimbo, alikaa kiti cha mbele kwenye mazishi. Alipiga makofi kuliko wote. Kisha akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Hatimaye, shemeji. Hatimaye amekubali ukweli." Mnaelewa alichoniambia? Kwamba mke wangu ilibidi afe ndipo ashindwe, na aliyemshinda ni mtoto aliyemzaa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mikono yake na sikuutoa, kwa sababu kulikuwa na watu.

Nilipokuuliza, ulinijibu nini? Ulinijibu ukiwa umesimama pale mlangoni, ufunguo wa gari mkononi: "Baba, watu wanahitaji kitu cha kujivunia. Nani ameumia?" Nakujibu leo. Aliyeumia ni yeye. Katika kazi yangu, mtu akihamisha jiwe la mpaka wakati mwenye shamba amelala, tunamwita mwizi, hata kama jiwe amelihamisha ili shamba la mwenye kulala lionekane kubwa zaidi.

Na hata maradhi yake ukayafanyia kipindi. Alipopigwa kiharusi, sauti ikabaki ile ya puani tu, wewe ukaenda kuwatangazia watu kwamba mtafiti wa neno "mama" anamwita mama yake, na wakakupigia simu wakilia. Mimi nilikuwa chumbani. Alikuwa anataka pazia livutwe, jua lilikuwa linampiga machoni. Nilipolivuta akanyamaza. Aliishi maisha yake akiwaonya watu wasimpachike maana mtu asiyeweza kujitetea, halafu mwanawe akampachika.

Nipeni maji kidogo. Hapo panatosha.

Mkunga, usijifute machozi kana kwamba wewe humo. Wewe unazalisha watoto, unazisikia sauti hizo kila siku kazini, ulimfungulia mama yako mlango wa wodi akarekodi. Ulijua kuliko sisi sote. Lakini ulinivuta koti pale makaburini, ukaninong'oneza, "Baba, mwache, ni kaka, tusiaibishane mbele za watu." Na nikamwacha. Wewe tangu utotoni ukiona watu wawili wanagombana unampa mkosaji haki ili kelele ziishe. Huo si wema, mwanangu. Ni kupenda utulivu wako mwenyewe.

Basi nayaacha haya. Kile kitabu chenye uongo wako, Mkubwa, ulichokitayarishia jalada lenye picha ya mama yako, hakitachapwa. Karatasi ya idhini uliyonitaka nitie sahihi sikuitia, na mwanasheria anayo barua yangu inayompa Mkunga haki zote za kazi ya mama yenu. Kanda na maandishi ni ya Mkunga. Akitaka kuyachapa, yachapwe kama yalivyo, pamoja na yale mama yenu aliyoandika kuwa hayajui. Lile jiwe la kaburi uliloagiza, lililoandikwa "Aliyeipa dunia neno mama", lirudishwe kwa fundi. Liwekwe jingine lenye jina lake na jina la kazi yake. Chini yake pasiandikwe kitu.

La mwisho... ngojeni. Niinueni kidogo. Hivyo.

Mkubwa, utarudi kwenye redio hiyohiyo, saa hiyohiyo ya kipindi chako, na utasema kwa mdomo wako kwamba ulisema uongo juu ya mama yako. Si kwamba ulinukuliwa vibaya. Si kwamba kulikuwa na kutoelewana. Uongo. Najua kitakachokupata. Watakuita msaliti, pengine kipindi kitakufa. Mama yako alikaa kando ya vyoo kwa kukataa kuuandika uongo huohuo, nawe unaweza kukaa hata kwenye ukumbi wa redio bila kazi.

Unalia. Lia. Mimi sikukuzaa ili nikuchukie, na sikuchukii.

Mkunga, njoo, nipe mkono. Wewe nakupa radhi yangu sasa hivi, yote. Mungu akulinde, akuwekee nuru katika mikono yako. Na ya kaka yako pia naiweka kwako. Mimi sitakuwapo. Siku atakapokuwa ameyasema hayo redioni, na wewe umeyasikia kwa masikio yako, si kuhadithiwa, siku hiyo nenda kwake, mwambie baba amekuridhia. Asiposema, usimpe. Atakubembeleza, ana maneno matamu. Wajukuu wangu watakubembeleza. Hata... hata akiwa mgonjwa, Mkunga.

Usimpe mapema. Niahidi. Sema kwa sauti, na yeye asikie.